Geji ya Godlisten Yapanda Nyandira

Kwa miaka thelathini na moja Godlisten alikuwa na kazi moja katika kiwanda cha sukari: kuangalia geji. Geji za mvuke, geji za presha, geji za joto la masufuria makubwa yanayopikia maji ya miwa. Alizizungukia asubuhi na jioni, akigonga kioo kwa ukucha, akisubiri mshale utulie, kisha akiandika. Alipostaafu na kuhamia Mwembesongo, mjini Morogoro, mkewe Anastasia alidhani mambo hayo yamebaki kiwandani. Hayakubaki.

Walifungua banda la kuku wa kuchoma. Fundi wa kuchomelea alilipasua pipa la mafuta kwa urefu, akalitia bawaba, miguu na bomba la moshi, likawa jiko la mkaa lenye mfuniko. Lilichoma vizuri wiki mbili. Wiki ya tatu Godlisten alikwenda Dar es Salaam kwenye msiba wa rafiki yake na akarudi na kipimajoto: kisahani cha chuma chenye uso wa kioo na mshale mwekundu, na nyuma yake ujiti mrefu kama msumari wa nchi sita. Alitoboa tundu kwenye mfuniko, akakipachika, akarudi nyuma hatua mbili akikitazama kama mzazi anayemtazama mtoto aliyevaa sare ya shule kwa mara ya kwanza.

"Sasa hatubahatishi tena," alimwambia mkewe.

Anastasia hakuwa akibahatisha. Yeye aliweka kiganja juu ya wavu na kuhesabu kimoyomoyo. Mkono ukivumilia mpaka tano, moto ni wa kuku. Ukikimbia kwenye tatu, ni mkali. Ukifika nane, mkaa haujashika. Alifundishwa hivyo na bibi yake mzaa mama huko Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, na hakuwahi kuunguza hata bawa.

"Sawa," Godlisten alisema mbele ya wateja watano, "na huo mkono wako anaukagua nani?"

Wateja walicheka. Anastasia naye alitabasamu, akageuza kuku. Waliomjua vizuri wangeona kwamba tabasamu lile lilikuwa la kuweka akiba.

Geji yenyewe ilikaguliwa kila Jumanne, siku ambayo biashara ni ndogo. Godlisten aliifungua kwenye mfuniko, akaipangusa kioo, akachemsha maji kwenye sufuria. Aliuning'iniza ujiti ndani ya maji kwa waya, usiguse chini wala ubavuni, maana chuma cha sufuria kina joto lake. Maji yakitokota alisubiri dakika mbili, kisha akasoma. Ikiwa mshale haukusimama kwenye mia, alichukua spana ndogo, akaizungusha nati iliyo nyuma ya kisahani mpaka usimame hapo. Kila Jumanne maji mia, mshale mia. Vijana wa mtaani walimpachika jina la Mzee Geji, na yeye alilipokea kama cheo.

Jirani yao Mwinshehe, aliyekuwa akiwachinjia kuku ili mteja wa dini yoyote ale bila kuuliza, alipenda kuja siku hiyo na kiti chake.

"Mzee Geji, leo imesemaje?"

"Imesema kweli."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita ilisema uongo kidogo. Nikairekebisha."

"Uongo gani?"

"Ilisoma tisini na tisa."

Mwinshehe alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeletewa habari za mtoto aliyeanza kuvuta bangi.

Mwezi wa saba ikaja simu kutoka Nyandira. Esther, mtoto wa dada yake Anastasia, alikuwa anaweka nadhiri za daima za utawa. Misa ingekuwa parokiani, na sherehe nyumbani kwa Bibi Modesta, bibi yake Anastasia, mwenye miaka themanini na nane na ulimi usiozeeka. Ukoo uliomba kuku thelathini wa kuchoma. Anastasia aliipokea simu uani. Alizungumza na bibi yake kwa Kiluguru kwa muda mrefu kuliko ambavyo kuku thelathini wangehitaji, na mwisho alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Bibi anasemaje?" Godlisten aliuliza.

"Anakusalimia. Anasema uje na jiko lako. Na hicho kipimo chako usikiache, watu wa huko hawajakiona."

Godlisten alifurahi. Tangu aoe, miaka thelathini iliyopita, Nyandira ilikuwa mahali anapokwenda na kukaa kimya. Wao walikuwa na mashamba yaliyosimama wima kama ukuta, na kabichi na njegere, na maneno asiyoyajua. Safari hii angekwenda na kitu cha kuonyesha.

Walipanda Ijumaa kwa fuso lililokuwa linakwenda tupu kupakia kabichi. Jiko lilifungwa kamba nyuma, kuku kwenye matenga, Mwinshehe juu ya gunia la mkaa na visu vyake vimefungwa kwenye gazeti. Kipimajoto hakikupanda nyuma. Godlisten alikizungushia sweta, akakipakata mbele, na kila gari liliporuka kwenye shimo alikiinua kwa mikono miwili. Barabara ilipinda na kupinda tena, mito ikabaki chini, ubaridi ukaanza kuingia kwenye mikono ya shati. Walifika saa nane mchana, ukungu ukitambaa juu ya vitunguu.

Bibi Modesta alikuwa mlangoni, mfupi, amejifunga kitenge juu ya sweta la kiume.

"Shikamoo, Bibi," alisema Godlisten.

"Marahaba, mume wangu. Umezeeka. Nilikuambia unichukue mimi, ukamchukua mjukuu, ona sasa anavyokumaliza."

Ndivyo alivyomtania siku zote, kwa kuwa mume wa mjukuu ni mume wa bibi, na Godlisten alikuwa ameshazoea. Akacheka, akauliza jikoni ni wapi.

"Una njaa?"

"Hapana, Bibi. Nataka kuchemsha maji. Barabara imetutikisa, sina budi kuikagua geji kabla ya kazi ya kesho."

Bibi alimtupia jicho Anastasia mara moja tu, kisha akaongoza njia.

Jiko lake lilikuwa la mafiga matatu, na kuni zilikuwa tayari zinawaka. Godlisten hakujiuliza kwa nini zilikuwa tayari. Aliteka maji, akaweka sufuria, akaanza kutafuta mahali pa kufungia waya. Jikoni wakaingia watu: shangazi wawili wenye karai la njegere, Mwinshehe, na kijana mmoja mwenye miwani aitwaye Baraka, mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani, aliyepanga chumba kwenye nyumba ya Bibi.

"Mume wangu," alisema Bibi akikaa kwenye kigoda, "hicho kidude unakichemsha kiive au kife?"

"Nakikagua, Bibi. Maji yakichemka huwa ni nyuzi mia. Mshale ukisimama kwenye mia, kipimo kinasema kweli. Usiposimama, nakirekebisha kwa nati hii."

"Maji ya wapi hayo?"

"Maji ni maji, Bibi."

"Ya kwangu hayafiki huko."

"Hayafiki wapi?"

"Kwenye hiyo mia. Ya hapa yana haraka. Yanachemka kabla hayajafika."

Godlisten aliwatazama waliokuwepo, akatafuta maneno ambayo hayangemvunjia heshima mwanamke wa miaka themanini na nane. "Bibi, hiyo si habari ya maji ya hapa wala ya kule. Hiyo ni kanuni. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi hiyo."

"Basi tuwekeane."

"Bibi, nitakuwa nakuonea."

"Nionee. Nikishindwa, unaondoka na debe mbili za njegere, zilizomenywa. Ukishindwa wewe, kesho unajifunga kanga yangu na unaosha masufuria yote ya sherehe, pale kisimani, wageni wakikuona."

Mmoja wa shangazi alikohoa. Godlisten alimtazama mkewe kuona kama atamkanya bibi yake, lakini Anastasia alikuwa ameinamia karai, akimenya njegere kwa bidii ya ajabu.

"Sawa," alisema Godlisten. "Mwinshehe, wewe ni shahidi."

"Mimi dau siweki, kamari ni haramu," alisema Mwinshehe akisogeza kigogo karibu na moto. "Lakini kushuhudia nitashuhudia."

Maji yakaanza kuimba. Mshale ukapita sitini, ukapita themanini. Kwenye tisini Godlisten alisimama wima akakunja mikono kifuani, kama alivyokuwa akisimama wakaguzi walipokuja kiwandani. Maji yakapasuka, yakatokota, yakarusha matone kwenye kuni. Mshale ukafika tisini na sita, ukajivuta kidogo, ukasimama kati ya sita na saba.

Akasubiri. Akagonga kioo kwa ukucha. Mshale ukatikisika, ukarudi palepale.

"Ongeza kuni," alisema.

Waliongeza kuni. Maji yaliruka mpaka yakamwagika, moshi ukawatoa machozi. Tisini na sita na nusu. Godlisten aliuinua ujiti, akaangalia kama umegusa chini, akaurudisha. Akangoja dakika nyingine mbili.

"Barabara imeitikisa," alisema hatimaye. "Nilijua." Akatoa spana mfukoni, akaishika geji kwa kitambaa, akazungusha nati mpaka mshale ukakaa kwenye mia. "Sasa iko sawa. Mnaona? Mia."

Bibi Modesta aliinamisha kichwa kuitazama. "Umeibana mpaka imesema unachotaka. Hata mimi nikimbana shahidi hivyo, atasema."

Mwinshehe alicheka mpaka akapaliwa na moshi.

"Bibi, ilikuwa imehama," alisema Godlisten, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Geji ikitikiswa inahama. Hatuwezi kuhukumu maji kwa geji iliyohama."

"Haya. Tutahukumu kwa nini?"

"Kwa kipimo kingine, kisichosafiri."

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Bibi alimgeukia Baraka. "Mwalimu, kile kijiti chako cha kioo kiko wapi?"

Baraka alikuwa nacho mfukoni. Viwili. Alivitoa vikiwa kwenye vibweta vyake vya maabara, na Godlisten, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa amependa mno kushinda, alianza kuhisi kitu. Kwa nini mwalimu atembee na vipimajoto viwili mfukoni siku ya Ijumaa?

Vyote viwili viliingizwa majini. Godlisten mwenyewe alivisoma, akiviinua usawa wa jicho kama inavyotakiwa. Kimoja tisini na nne na nusu. Cha pili tisini na nne na nusu.

Alikaa chini kwenye gunia.

"Nieleze," alimwambia Baraka, pole pole.

Mwalimu alieleza kwa adabu. Milimani hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza bondeni, kwa hiyo maji hayahitaji joto jingi ili yachemke. Kadiri unavyopanda, ndivyo yanavyochemka mapema. Mia kamili ni ya kule pwani, usawa wa bahari.

"Na Morogoro mjini?" aliuliza Godlisten.

"Mjini kuna mwinuko kidogo. Ni kama tisini na nane hivi."

Kila mtu aliyemfahamu Godlisten aliona anapiga hesabu. Mjini tisini na nane, naye kila Jumanne amekuwa akiibana geji iseme mia. Nyuzi mbili za uongo. Hapa maji ni tisini na nne na nusu; ongeza mbili, unapata tisini na sita na nusu. Barabara haikuitikisa hata kidogo. Geji ilikuwa imesafiri salama kwenye sweta, imefika Nyandira, na imesema sawasawa kama alivyoifundisha.

"Jumanne ngapi hizo?" Mwinshehe aliuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Mwaka mzima na miezi miwili," alisema Anastasia bila kuinua macho.

Godlisten alimgeukia mkewe. "Ulijua."

"Nilikulia hapa."

"Wewe na Bibi mlipanga. Kwenye ile simu."

"Tulizungumza habari za kuku," alisema Anastasia, na hapo akashindwa kujizuia, akacheka mpaka njegere zikamwagika, na shangazi wote wawili wakacheka, na Bibi akapiga kofi moja juu ya paja lake. Baraka alivua miwani akaifuta. Aliungama kwamba yeye mwenyewe alichezewa wiki yake ya kwanza kijijini, licha ya shahada yake ya fizikia, kwa kuwa alijua kanuni ila alisahau kuuliza yuko juu kiasi gani. Adhabu yake ilikuwa kuchota maji mwezi mzima. Tangu hapo Bibi alimwajiri awe mleta vipimo. Kabla yake waliangushwa mabwana shamba wawili, dereva wa lori aliyekuwa akisomea ufundi, na padri mgeni aliyelima matuta sita ya kabichi bila kinyongo.

"Lakini wewe, Bibi, ulijulia wapi?" aliuliza Godlisten.

"Nikiwa msichana alikaa kwetu mtu aliyekuwa anapima mvua," alisema Bibi. "Kila akipanda kilima anachemsha maji. Nikamuuliza, huna chai, wala uji, unachemshia nini? Akasema anataka kujua yuko juu kiasi gani, maji yatamwambia. Nikaona huyu kichaa. Akanionyesha. Nikaona kweli. Akaondoka. Mimi nikabaki na habari ile, na wageni hawaishi kuja."

Godlisten aliiangalia ile geji mkononi, mshale wake umeketi kwenye mia ya uongo. "Kwa hiyo ndiyo maana maharage ya hapa hayaivi upesi."

"Kwani ulidhani nilikuwa nachelewesha chakula makusudi?" alisema Bibi. "Ulipokuja kuposa ulikaa pale sebuleni umenuna mpaka giza likaingia. Nikasema huyu Mchaga anafikiri tunamnyima."

Mtu mwingine angechukia. Godlisten alikuwa na ghadhabu kwa muda wa kama dakika tatu, akitazama moto. Kisha tabia yake ikamshinda: kulikuwa na geji inayosema uongo, na hapo mbele yake kulikuwa na vipimo viwili vya kweli. Aliomba maji yaongezwe. Akaitumbukiza geji pamoja na kimoja cha vioo vya mwalimu, ubavu kwa ubavu, akazungusha nati mpaka mshale ukakubaliana na kioo: tisini na nne na nusu. Baraka alimwonyesha jambo jingine. Ujiti ulikuwa na koti la masizi na mafuta ya kuku yaliyoganda, gumu kama lami, hivyo joto lilichelewa kuingia. Mzee aliyepangusa kioo kila Jumanne hakuwa amewahi kuusugua ujiti. Alikaa nje kwenye baridi na majivu na kipande cha limao, akausugua mpaka ukang'aa.

Anastasia alimletea chai. Akasimama pale.

"Sema tu," alisema Godlisten.

"Sina neno."

"Unalo."

"Ninalo, lakini liko vizuri lilipo," alisema, akaondoka.

Kesho yake Mwinshehe alichinja alfajiri, na kabla misa haijaisha jiko lilikuwa linatoa moshi mzuri. Godlisten alisoma geji, Anastasia aliweka kiganja, na mara mbili walipotofautiana walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya mjini: waliulizana. Iligundulika kwamba geji ilikuwa inasoma joto la juu, karibu na bomba, na kiganja kilikuwa kinasoma joto la pale kuku alipo, na kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya mahali tofauti. Kuku waliiva, ngozi ikapasuka kwa utamu, na Sista Esther, mwenye shela mpya na furaha isiyofichika, alikula mapaja mawili na kuomba shingo.

Saa tisa alasiri wageni wakiwa bado wameketi, Bibi Modesta alimtuma mtu na kanga. Ilikuwa nyekundu, na maandishi yake yalisema: NILIKUAMBIA HUKUSIKIA. Godlisten aliisoma, akaifunga kiunoni juu ya suruali ya suti, akakunja mikono ya shati, akashuka kisimani kwenye mlima wa masufuria. Vigelegele vilipigwa. Shangazi walimtupia sarafu za mia na mia mbili za kumtunza kama bwana harusi. Mwinshehe alisimulia kisa chote kwa kila aliyefika, na kila aliposimulia maji yalichemka mapema zaidi, mpaka ikafika tisini kasoro.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Rogers, mtoto wa mjomba wake Anastasia, mkandarasi wa Dar es Salaam aliyekuja na gari refu na viatu vilivyochongoka. Alishuka mpaka kisimani akiwa na soda mkononi.

"Shemeji, shikamoo. Hivi wamekuvalisha kanga kwa hadithi hiyo?"

"Marahaba. Hadithi ipi?"

"Kwamba maji huku hayafiki mia. Shemeji, wewe mtu wa kiwandani. Mia ni mia. Hicho kipimo chako kimekufa, na vya shule unavijua vilivyo. Wamekuchezea."

Godlisten alikuwa ameshika sufuria la pilau, mikono povu mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama Rogers kwa muda. Juu ya ukingo, kwenye kigoda chake, Bibi Modesta alikuwa ameacha kutafuna.

"Inawezekana," alisema Godlisten kwa unyonge. "Hata mimi nimelala nikiwaza. Nafikiri barabara iliitikisa."

"Umeona."

"Ila mimi nimeshashindwa, siwezi kusema tena. Labda mtu mwenye kipimo chake mwenyewe."

"Mimi ninacho kwenye gari," alisema Rogers. "Cha betri. Cha kupimia zege. Kipya, hakina hata mwezi."

"Cha betri," alisema Godlisten kwa heshima kubwa. "Basi hicho hakidanganyi." Akasuuza mikono, akaikausha kwenye kanga. "Bibi, huyu kijana anasema anacho cha betri."

"Mimi nimechoka," alisema Bibi. "Nimezeeka. Mwacheni."

"Bibi, mara moja tu," alisema Rogers.

"Basi, kwa kuwa ni wewe. Tuwekeane kitu kidogo."

Rogers alivua koti saa kumi na nusu. Kipimo cha betri kilisoma tisini na nne nukta sita, na kikaendelea kusoma hivyo hata alipokizima na kukiwasha mara nne. Kanga ilihama kiuno. Godlisten alimpisha, akamwonyesha sufuria la pilau lililoungua chini na kumshauri aanze na lile.

Jumapili asubuhi fuso lilipakia kabichi, jiko na Mwinshehe. Anastasia alipanda mbele na kumngoja mumewe. Godlisten alikuja dirishani bila mzigo, geji imo kwenye mfuko wa koti.

"Tangulia," alimwambia. "Bibi anasema kuna padri mpya anakuja Jumatatu kunywa chai. Amesoma sana, Roma na wapi."

"Na biashara?"

"Mwinshehe atachinja, wewe utachoma. Mkono wako nimeshaukagua."

Anastasia alifunga kioo cha dirisha ili asimwone anavyocheka.

Godlisten alishuka Jumatano, amebebwa na pikipiki mpaka Mzumbe, akiwa na debe la njegere na beberu mweusi mwenye kengele shingoni. Alimfunga nyuma ya banda, akampa maji, akavaa aproni yake na kuwasha mkaa kama mtu aliyetoka dukani. Hakueleza chai ya padri ilikwendaje wala beberu amempataje, na Anastasia hakumuuliza. Alitoka uani, akampigia bibi yake simu, akaketi kabisa kwenye ndoo kabla simu haijapokelewa.